Nobu na mita za kompresa: ulichoagiza na kilichotokea

Ukifungua plagini (programu ndogo ya ziada) ya kompresa, yaani kifaa kinachokata sauti inapozidi kiwango fulani, ndani ya programu za kurekodi kama FL Studio, Cubase au Logic, utakuta dirisha lenye vitu vya aina mbili. Kuna vya kushika: nobu, fada (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), vitufe. Na kuna vya kutazama: mita, grafu, taa nyekundu, tarakimu. Vya kushika vinaonyesha ulichoagiza. Vya kutazama vinaonyesha kilichotokea kwenye sauti. Anayeanza kazi ya studio hukodolea macho nobu, akanakili namba alizoziona kwenye video ya prodyuza fulani, kisha akashangaa mbona sauti yake haikai kama ya yule. Namba zile zilifaa sauti ile ile tu.

Tuchukue sauti ya mwimbaji. Kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka huanza kukatwa, umekiweka desibeli -20; uwiano, yaani ukali wa kukata, 4:1. Akiimba kwa nguvu sauti ikafika -8, amevuka kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa inaruhusu robo ya hizo, yaani 3, kwa hiyo sauti inatoka ikiwa -17. Desibeli 9 zimekatwa, na kiasi hicho utakisoma kwenye mita ya upunguzaji, ambayo mara nyingi imeandikwa GR. Sasa aje mwingine anayeimba kwa upole, sauti yake isivuke -22. Nobu ni zilezile, hazijaguswa, lakini kompresa haifanyi lolote na mshale hautikisiki. Ndiyo maana nikifungua kazi ya mtu mwingine, macho yangu huenda kwenye GR kabla ya kusoma namba yoyote.

Mita hiyo huwachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume na nyingine. Sufuri iko kulia, au juu kabisa kama mita ni ya kusimama, na mshale unarudi nyuma kadiri sauti inavyokatwa. Itazame ubeti mzima, usiitupie jicho mara moja ukaondoka. Mshale ukishuka silabi yenye nguvu inapoingia, ukarudi sufuri kabla ya silabi kali nyingine, kompresa inamfuata mwimbaji. Ukining'inia kwenye 6 tangu ubeti unaanza hadi unaisha, basi kizingiti kiko chini mno au rilizi (muda wa kompresa kuiachia sauti) ni ndefu mno. Hapo umepunguza sauti tu, jambo ambalo fada ingelifanya bila plagini yoyote.

Kuhusu kushika: nobu inaonekana ya duara, lakini kwenye plagini nyingi huizungushi. Unaibofya, unashikilia, unavuta kipanya juu au chini. Ukitaka iende taratibu, shikilia Shift au Ctrl huku ukivuta. Kitufe gani hasa, inategemea aliyeitengeneza plagini. Kubofya mara mbili huirudisha mahali pake pa mwanzo, au hufungua kisanduku cha kuandika namba. Jaribu vyote viwili kwenye plagini mpya kabla hujaanza kazi. Na usikadirie kwa kutazama mstari wa nobu umeelekea wapi, soma tarakimu. FL Studio huionyesha juu kushoto mwa skrini unapogusa kidhibiti.

Plagini nyingi zimevaa sura ya mitambo ya zamani, na sura hiyo imekuja na tabia zake. Kompresa ya 1176, aliyoibuni Bill Putnam wa Marekani na kuitoa mwaka 1967, ina nobu ya ataki (muda wa kompresa kuanza kukata) yenye namba 1 hadi 7. Anayezoea plagini za kisasa ataiweka kwenye 7 akidhani ameichelewesha, kumbe 7 ndiyo ya haraka kuliko zote: mikrosekunde 20, wakati mwanzo wa nobu ni takriban 800. Nakala za kidijitali zimeuacha mpangilio huo kama ulivyo. Ukiona herufi za mwanzo za maneno zimefifia, "p" na "t" hazigongi tena, irudishe nobu kushoto.

Mshale wa VU, mita ya kupima ukubwa wa sauti, nao una historia yake. Ulisanifiwa Marekani kwa ajili ya redio na simu, na kwa kipimo chake unachukua milisekunde 300 hivi kufika pale unapotakiwa kusoma. Kwa sauti ya mtu anayeimba ni mzuri sana, maana unakaribia jinsi sikio linavyohisi ukubwa wa sauti. Kwa ngoma, hapana. Kiki (ngoma kubwa ya besi) hupiga na kuzima mshale ukiwa bado njiani, hivyo utasoma kidogo kuliko kilichopita. Hapo tumia mita ya kilele, ambayo mwisho wake ni 0 dBFS, yaani ukomo wa sauti ya kidijitali. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mita hiyo, kwa kawaida hubaki imewaka hata sauti ikishuka, mpaka uibofye. Inakuambia kwamba kuna mahali sauti ilifika ukomo, hata kama hukuwa unatazama.

Grafu zinazotiririka kwenye kompresa za kisasa zinafanya kazi ileile ya GR, isipokuwa zinabakiza picha ya sekunde chache zilizopita. Zinasaidia sana kupanga rilizi.

Kimebaki kitufe cha kuizima plagini kwa muda ili ulinganishe kabla na baada. Kompresa nyingi hupandisha sauti baada ya kuikata, nyingine zenyewe bila kuulizwa, na sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi hata kama kimeharibika. Kwa hiyo kwanza zima upandishaji wa kujiendesha. Kisha rekebisha nobu ya sauti inayotoka mpaka VU isome karibu sawa plagini ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Baada ya hapo fumba macho, bofya mara kadhaa mpaka usijue iko upande gani, na uchague.