Jiwe Limewaka Nyekundu Chini ya Tochi: Je, Ni Rubi?

Mchimbaji mdogo kutoka Mahenge akifungua karatasi yake juu ya meza yetu ya maabara, mara nyingi ndani mna kokoto nyekundu iliyolainishwa na maji ya mto, na swali huwa lile lile: hii ni rubi? Siku hizi wengi huwa wameshaimulika wenyewe kwa tochi ya urujuanimno, kama zile za kukagulia noti. "Imewaka nyekundu kabisa," ataniambia. Nami namwamini. Lakini spineli, kito kingine chekundu kinachofanana na rubi, nayo huwaka nyekundu, na Mahenge ni nyumbani kwa spineli. Mwaka 2007, pale Ipanko, zilitoka fuwele kubwa za spineli, moja ikizidi kilo 50.

Kinachowaka hasa ni kromiamu, aina ya metali. Chembe zake chache zilizo ndani ya jiwe hupokea mionzi ya urujuanimno tusiyoiona, kisha hutoa mwanga mwekundu tunaouona. Madini ya chuma hufanya kinyume, huuzima mwanga huo. Ndiyo maana garneti nyekundu, yenye chuma tele, kwa kawaida hubaki nyeusi tii chini ya tochi hiyo hiyo. Rubi yenye chuma kingi nayo huwaka hafifu, kwa hiyo usilitupe jiwe kwa sababu tu limewaka kidogo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, tafuta kipande cha jiwe la Longido, lile la zoisiti ya kijani lenye madoa ya rubi. Zima taa, washa tochi: kijani chote kinamezwa na giza, na kila doa la rubi linaiva kama kaa la moto lililopulizwa. Nimeliona mara nyingi mno na bado hunifurahisha.

Turudi kwenye kokoto yetu. Ushahidi unaokosekana utaupata kwenye maji. Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kikombe cha maji na uzi mwembamba. Pima jiwe likiwa kavu uandike. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na ulining'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma. Gawanya uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo.

Tuseme jiwe kavu lina gramu 8.28, na likiwa majini mizani inasoma 2.30. Jibu ni 3.60, na hiyo ni spineli. Rubi ingekupa takriban 4.00, kwatzi 2.65, na kioo cha kawaida karibu 2.5. Garneti huanzia kama 3.6 hadi 4.3, kwa hiyo kwenye maji peke yake zingekuchanganya; lakini tochi ilishaziweka kando. Vipimo hivi viwili huhitajiana. Angalia viputo vya hewa vilivyong'ang'ania jiwe, vifute kwa kidole, na jiwe lililoshikana na mwamba lisikupe imani yoyote. Jiwe lisilofika gramu moja pia hukosewa kirahisi.

Kukwaruza kioo ni kipimo kinachowapotosha watu sana. Nimeona mtu akiweka bei ya almasi kwa sababu tu jiwe lake limeacha alama kwenye chupa. Kioo kina ugumu wa kama 5.5, kwatzi, iliyo 7, hukikwaruza bila taabu. Na kito kilichokwisha kukatwa usikikwaruze hata kidogo.

Kuhusu tochi yenyewe, zile za bei rahisi hutoa pia mwanga wa zambarau unaoonekana, na jiwe jeupe likiurudisha utadhani linawaka. Osha jiwe kwanza, ulisuuze vizuri. Mafuta nayo huwaka chini ya tochi, na mabaki ya sabuni ya unga hutoa mwanga wa buluu unaofunika kila kitu. Usiimulike tochi machoni, yawe yako au ya mwenzako.

Kuna jambo moja ambalo tochi na maji haviwezi kulitatua. Tangu mwaka 1902 watu wanajua kutengeneza rubi kiwandani kwa njia ya mkemia Mfaransa Verneuil. Ina kromiamu ile ile na hutoa namba ile ile kwenye maji, na mara nyingi huwaka kuliko ya ardhini. Kwa hiyo dalali akikusifia jiwe kwa kuwaka sana, hapo ndipo uombe hadubini. Rubi ya Verneuil huonyesha ndani yake mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri; ya ardhini mistari yake imenyooka na hukutana kwa pembe. Unapotuletea jiwe lako, lilete bila kulichoma wala kulipaka mafuta, likiwa na mwamba wake kama upo, na kikaratasi kilichoandikwa kijiji, mto au shimo lilikotoka.