Akitoka Tiata, Usimlaze Tu

Mchana mmoja wa joto nilimtembelea mgonjwa Nyalenda, hapa Kisumu. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyepasuliwa tumbo kwa sababu ya utumbo uliotoboka, na alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini siku nne kabla. Mabati yalikuwa yakichoma. Mke wake alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpepea kwa kipande cha katoni. Nilipouliza hali, mama akanijibu kama mtu anayetoa ripoti ya kazi aliyoifanya kwa moyo wote: "Sista, nimemlinda vizuri. Tangu tufike hajainuka hata mara moja. Hata haja anafanyia hapa hapa."

Sikumkemea. Mtu ambaye hajalala siku nne kwa ajili ya mwenzake hakemewi. Lakini mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa upasuaji, na kosa la huruma kama hilo nimeliona katika nyumba nyingi mno.

Mtu aliyepasuliwa, damu yake huganda upesi kuliko kawaida. Ndivyo mwili unavyojikinga usivuje. Akilala tuli, damu ya miguuni huenda polepole na donge linaweza kujijenga ndani ya mshipa wa tafu, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Donge hilo likichomoka likafika kwenye mapafu, linaweza kumuua mtu ambaye kidonda chake kilikuwa kinapona vizuri kabisa. Mapafu nayo: tumbo likiuma mgonjwa hupumua kwa juu juu, haoni raha kukohoa, makohozi yanabaki chini, na nimonia inapata mahali pa kuanzia. Utumbo wenyewe huamshwa na mwendo.

Kwa hiyo tulimwinua siku ile ile. Hainuki kama mtu mzima wa afya, kifua mbele, kwa sababu hapo mshono wote unavutwa. Anakunja magoti, anageukia ubavu, anashusha miguu, kisha anajisukuma kwa kiwiko na kiganja huku mto mdogo ukiwa umekandamizwa tumboni. Anakaa ukingoni dakika moja au mbili mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo anasimama. Mama, wewe simama karibu, mkono mmoja mgongoni. Usimvute mikono, wala asikuning'inie shingoni, maana mkianguka mnaanguka wote wawili. Siku ya kwanza afike mlangoni. Siku ya pili afike kwenye kivuli nje. Na kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi, akumbatie ule mto, akohoe.

"Lakini anaumwa, sista." Ndiyo, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Yule baba alikuwa hajameza dawa ya maumivu tangu jana yake, akisema anaweza kuvumilia. Tumelelewa kuambiwa tujikaze, hasa wanaume, na katika upasuaji kujikaza kunakugharimu. Anayevumilia hatembei, hakohoi, halali usiku. Dawa ya maumivu ya siku za kwanza hupewa kwa saa kama daktari alivyoandika, haingoji mtu aanze kulia. Parasetamoli kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, asiye na ugonjwa wa ini, ni tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima. Soma pia pakiti ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mpe nusu saa au zaidi kabla ya kutembea, utaona tofauti. Usimwongezee diklofenaki ya duka la dawa bila kuuliza. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au presha inaweza kuleta balaa jingine. Kama ameandikiwa tramadoli, jua itafunga choo: maji, uji, papai, na ukiona siku ya tatu imepita, uliza dawa ya kulainisha.

Tukizungumzia choo. Nyumba nyingi za huku zina choo cha shimo cha nje, na kuchuchumaa ukiwa na mshono wa tumbo ni mateso. Ndiyo sababu wengi hubaki na ndoo kitandani. Nunua kiti cha plastiki kilicho imara, mwambie fundi akate tundu katikati ya sehemu ya kukalia, akisimamishe juu ya shimo. Kwa kiti hicho, safari ya chooni inakuwa ndiyo mazoezi, na mzee wa watu anarudishiwa heshima yake mbele ya watoto.

Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Asiuguse kwa wiki 6.

Jambo linaloniogopesha zaidi huku kwetu ziwani ni homa. Mtu akichemka, jirani anasema malaria, na kabla ya jioni dawa imenunuliwa. Kwa aliyepasuliwa, joto la 38 au zaidi lina maswali mengine: kidonda, mapafu, mkojo, usaha ndani ya tumbo. Hata kipimo cha kidole kikionyesha malaria, bado fungua bandeji utazame, kwa kuwa huku watu wengi wazima hubeba vimelea bila kuugua navyo. Kidonda kinaweza kuchafuka hata siku 30 zikikaribia, si wiki ya kwanza pekee. Wekundu unaotambaa, ngozi ya moto, usaha, harufu: rudi hospitali. Usitie majivu, spiriti wala unga wa kapsuli iliyopasuliwa. Jasho likilowesha bandeji, ibadilishe kwa mikono iliyonawa kwa sabuni.

Usisubiri kupambazuke ukiona pumzi zimekatika ghafla au kifua kinachoma, mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye tafu, tumbo limejaa huku anatapika na wala hatoi hewa. Na kuna dalili moja ambayo watu huipuuza: kati ya siku ya tano na ya kumi hivi, kidonda kilichokuwa kikavu kikimwaga ghafla maji ya rangi ya waridi, mshono wa ndani huenda unafumuka. Utumbo ukichungulia usiusukume ndani. Mlaze, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, asile wala asinywe, tafuta gari. Si bodaboda.

Nilimwachia mama daftari la shule. Saa ya dawa, joto asubuhi na jioni, ametembea mara ngapi, choo, kidonda kinaonekanaje. Daftari kama hilo limewahi kumsaidia daktari kuliko nusu saa ya maswali, kwa sababu mwuguzaji aliyechoka huchanganya jana na juzi.

Wageni wa kanisa na chama tuliwapangia muda mmoja tu, jioni. Chakula hakikuwa na shida: samaki, mayai, omena, maharagwe, hivyo ndivyo mwili unavyojengea nyama mpya.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mama analala saa ngapi. Alinyamaza, akaanza kukunja shuka lililokuwa tayari limekunjwa. Tukamwita shemeji yake, kijana mwenye nguvu zake, nikamfundisha dawa na kumwinua mgonjwa, naye akachukua zamu ya usiku mpaka saa kumi alfajiri.

Niliporudi siku ya sita nilimkuta mzee nje chini ya mwembe, ameketi wima, daftari magotini, akijaza mwenyewe. Nikabisha hodi kwa sauti yangu ya kawaida. Akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, sista," akaninong'oneza. "Mama amelala."