Tathmini ya vihatarishi kwenye mashine ya kusaga nafaka

Nikifika kwenye mashine ya kusaga kwa ajili ya tathmini, robo saa ya kwanza siandiki kitu. Nakaa kwenye benchi la wateja nikitazama nani anapita wapi, kwa sababu mahali hapo ni pa kazi kwa mwendesha mashine na ni pa umma kwa kila aliyeleta debe lake la mahindi, wakiwamo watoto waliotumwa na mama zao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara ahakikishe tathmini inafanyika, na wamiliki wengi hudhani kazi yenyewe ni kuorodhesha vitu vya hatari. Kihatarishi ni chochote chenye uwezo wa kudhuru. Ninachokipima mimi ni uwezekano wa madhara hayo kumfika mtu, na uzito wake yakimfika. Mkanda unaozunguka ndani ya chumba kilichofungwa na mkanda unaozunguka hatua moja kutoka kwenye foleni ya kina mama waliojifunga khanga ni kihatarishi kimoja, ila upindo wa khanga ukinaswa na mkanda huo wa pili, hakuna atakayewahi swichi. Katika mashine moja niliyoikagua, kingio la mkanda lilikuwapo: lilitolewa siku mkanda ulipokatika, halikurudishwa, na sasa lilikuwa limelazwa juu ya matofali mawili, meza ya kuwekea kikombe cha chai.

Kelele huzoeleka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kabla ya kutoa kifaa cha kupimia, huongea na mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Nikilazimika kupaza sauti ili anisikie, najua tumekaribia au tumepita desibeli 85, kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inapendekeza kisizidi kwa saa 8 za kazi. Kwa kanuni yao, kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja tu. Mwendesha mashine hushinda pale kutwa, na wateja wake wameshazoea kumwonyesha kwa vidole idadi ya kilo.

Vumbi la unga ndilo linalobishaniwa zaidi, maana watu husema chakula hakiwezi kumdhuru mtu. Mapafu hayali. Vumbi hilo linaweza kuleta pumu, wakati mwingine baada ya miaka ya kulivuta bila shida yoyote, na dalili ninayoiulizia kwanza ni kikohozi kinachopungua siku za mapumziko. Ili kulipima, namfunga mfanyakazi pampu ndogo kiunoni inayovuta lita 2 za hewa kwa dakika kupitia chujio lililopimwa uzito kabla, nalo nalibana kwenye ukosi wake, si zaidi ya sentimita 30 kutoka puani, kwa kuwa hewa ya ukutani siyo anayoivuta. Mara nyingi vumbi zito halitoki wakati wa kusaga, bali jioni, anapokung'uta mfuko wa kitambaa na kufagia sakafu kavu kwa nguvu.

Mwenye mashine huniuliza moja kwa moja kuhusu barakoa. Vifaa kinga naviweka mwisho, kwa sababu vinategemea mtu avivae sawasawa kila saa, kwenye joto lile, ilhali kufunga vizuri mdomo wa unga kwenye gunia na kusogeza foleni mbali na mota hufanya kazi hata mtu akisahau.

Pale penye meza ya chai hatukusubiri ripoti. Kisanduku cha swichi kuu kilifungwa kwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa mwendesha mashine mwenyewe, na kingio likarudishwa kwa bolti nne. Kikombe kilihamia dirishani.