Kabla Hujaisugua Senti ya Babu

Sarafu ninayoletewa kuliko zote hapa makumbusho ni senti kumi ya tundu ya mwaka 1936. Mwenye nayo huwa keshaambiwa mtaani kwamba ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu kabla ya kutimiza mwaka, hivyo ni mali adimu. Jina kweli lipo. Uadimu ndio haupo.

Sarafu za Uingereza kwenyewe zilingoja sura ya mfalme, naye akaachia kiti Desemba kabla hazijaingia mtaani. Zetu hazikuwa na sura, maana katikati pana tundu. Jina na taji vilitosha. Zikapigwa kwa mamilioni na kutapakaa Afrika Mashariki. Ndiyo maana hadi leo zimejaa kwenye makopo ya mababu.

Umri peke yake hauweki bei. Vipande vya shaba vya Warumi vyenye miaka zaidi ya 1,600 huuzwa rahisi sana Ulaya, kwa kuwa vinafukuliwa kila siku. Lakini peni ya Uingereza ya mwaka 1933 wakusanyaji huigombea kwa maelfu mengi ya pauni. Mwaka ule peni zilikuwa tele, hapakuwa na haja ya kupiga nyingine, na zinazojulikana hazifiki kumi.

Tukirudi kwetu, neno "hela" tumelirithi kwenye Heller ya Wajerumani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia njia ya bahari, walipiga sarafu zao katika karakana ya reli Tabora. Sarafu za hela 20 za wakati ule, zilizochongwa kienyeji, bado zinaonekana. Inayosakwa ni sarafu ya rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, nayo ndiyo inayoghushiwa mno. Ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Ukiletewa, ipime kwanza kwa mizani ya sonara, halafu ndipo mzungumze bei.

Baada ya uadimu, hali ya sarafu. Kwenye senti ya tundu mimi hutazama zile pembe za ndovu zinazolikumbatia tundu, kisha taji. Ncha za pembe zikiwa bado kali, sarafu haikutembea sana mikononi. Zikiwa zimelala, hata mwaka mzuri hauiokoi.

Na tafadhali, msizisugue. Mama mmoja alinifungulia kitambaa chenye florini ya fedha ya 1920, kumbukumbu ya pesa iliyotumika muda mfupi tu kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921. Moyo ulinidunda. Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuzia nikaona mikwaruzo myembamba imepita juu ya shavu la Mfalme George V, yote ikielekea upande mmoja. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu usiku uliotangulia, ili ailete ikiwa safi. Ule weusi alioutoa ndio mkusanyaji anaoulipia, na haurudishiki. Iliniuma kumweleza, maana alifanya kwa heshima.

Ishike sarafu ukingoni, uifunge kwenye karatasi kavu, kila moja peke yake. Ipige picha pande zote mbili. Uchafu wake uache palepale, tutautazama pamoja.