Elimu ya awali ya mazingira asilia: mwalimu hufunzwa nini hasa?

Elimu ya awali ya mazingira asilia ni namna ya kulea na kufunza watoto wa chini ya miaka 6 ambapo sehemu kubwa ya siku hupita nje. Udongo, maji, majani, wadudu na mvua yenyewe hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na chati za ukutani. Kuhesabu, kutaja vitu, kugombana na kupatana, yote hutokea huko huko. Kumwandaa mwalimu wa mfumo huu si jambo la semina ya siku moja, hata cheti chake kiwe na mhuri wa kupendeza namna gani.

Tuondoe kwanza yasiyohusika. Safari ya basi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nairobi mara moja kwa muhula ni jambo jema, lakini haimo. Mtoto anamwona twiga dirishani, anakula krispi, anarudi. Shughuli za Mazingira, ambazo zimo katika mtaala wa PP1 na PP2 (miaka miwili ya shule kabla ya Gredi ya Kwanza), nazo si kitu kilekile, kwa kuwa zinaweza kufundishwa mwaka mzima kwa picha za vitabuni bila mtoto kugusa hata kokoto. Kinachoutambulisha mfumo huu ni kurudi. Watoto huenda mahali palepale wiki baada ya wiki, wakauona mti uleule ukitoa maua, ukipukutisha majani, ukivamiwa na siafu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kipande chake cha bustani cha kutunza. Chekechea za msituni zilianza Denmark katika miaka ya 1950, na nchini Ujerumani, ile ya mji wa Flensburg ikapata kibali cha serikali mwaka 1993. Lakini matope hatukufundishwa na mtu. Waliokulia Kenya wamecheza kalongolongo, wakapika ugali wa udongo na mboga ya majani ya ua. Kilichokosekana ni mwalimu aliyefunzwa kuiona hesabu iliyomo ndani ya sufuria ile.

Mafunzo yanayostahili jina hilo huanzia mahali penyewe. Kabla watoto hawajafika, mwalimu hupatembelea polepole, akiinama. Aujue mnyonyo, kwa sababu mbegu zake zenye madoadoa huvutia kama shanga na zina sumu kali. Aujue mnyaa unaopandwa kuwa ua, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Aujue mnanaha, nao una sumu, na thabai inayowasha, na tawi bovu kabla ya upepo kuliangusha. Aangalie juu pia: mwewe wa Nairobi wamezoea kunyakua chakula mikononi mwa watoto, kwa hiyo mandazi huliwa chini ya paa. Haya hayapatikani katika kitabu kilichoandikiwa Ulaya ya kaskazini. Mkufunzi asiyeijua mimea ya hapa hafai, awe na digrii ngapi.

Linafuata somo la kupima hatari, ambalo huwatoa walimu jasho. Wengi wetu tulilelewa kwa neno moja, "Shuka!" Hapa mwalimu hufunzwa kutenganisha hatari anayoiona mtoto mwenyewe na ile iliyojificha. Kimo cha tawi mtoto anakiona, naye hupanda hadi pale ujasiri wake unapoishia. Chupa iliyovunjika ndani ya nyasi haioni, na kuiondoa ni kazi ya mwalimu. Kwa kila shughuli mwalimu huandika inavyoweza kuumiza na inavyomfaa mtoto, kisha anaamua. Kisu kidogo cha kumenyea karoti? Pengine ndiyo, kama kuna watoto 3 na mtu mzima mmoja. Kuvuka kijito kinachobeba majitaka ya mtaa wa juu? Hapana, siku zote.

Jambo linalochukua muda mrefu kuliko yote ni kunyamaza. Tuseme watoto wawili wamechuchumaa mbele ya konokono baada ya mvua ya Aprili. Mwalimu asiyefunzwa atadakia: "Hii inaitwaje? Semeni wote, ko-no-ko-no!" Mambo yameishia hapo. Aliyefunzwa atachuchumaa kando yao na kusubiri. Mmoja atasema konokono ametoka nyumbani kwake. Mwenzake atabisha kwamba hajatoka, nyumba si ameibeba? Sasa mwalimu anaweza kuuliza swali ambalo hata yeye hajui jibu lake: tukimaliza uji, atakuwa amefika wapi? Watachomeka kijiti pale alipo, watakwenda kunywa uji, watarudi mbio kukagua. Wamepima mwendo, na hakuna aliyetamka neno kipimo. Kujizuia kwa namna hiyo hakuji kwa kusoma. Mwanafunzi wa ualimu hana budi kutazamwa akiwa na watoto, mkufunzi aandike alichosema na alichoacha kusema, kisha wakae chini wazungumze.

Kuna na kuandika, na hapa pana siasa kidogo. Mzazi wa Nairobi akija kumchukua mwanawe huuliza, "Ticha, leo ameandika nini?" Si swali la ujinga, maana anajua kuna shule zinazowafanyia watoto usaili kabla ya Gredi ya Kwanza. Mwalimu asiye na jibu ataacha kutoka nje kabla ya mwezi kwisha. Basi hufunzwa kunakili anachokiona: mtoto amepanga vikonyo vya jakaranda kutoka kirefu hadi kifupi, amehesabu 9, amekataa kimoja kwa kuwa kimevunjika. Hiyo ni Hisabati, na inaonyeshwa kwa mzazi ikiwa na tarehe. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, unaruhusu haya bila shida. Shida ni kwamba kipindi ni cha dakika 30, na konokono hana habari na kengele.

Je, ni lazima kwenda Karura, msitu wa Nairobi? Msitu ule, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi, ni darasa zuri mno, na Arboretum, bustani ya miti ya jijini iliyoanzishwa mwaka 1907, ni hivyo hivyo. Ila kwa shule ya mitaa ya kipato cha chini kama Mukuru au Dandora, nauli na ada ya kuingia hulizima wazo kabla halijazungumzwa. Kozi inayomfunza mwalimu chini ya miti mirefu tu, kisha ikamrudisha kwenye uwanja wa kokoto uliozungushiwa mabati, imemwonjesha asali na kumnyima mzinga. Sehemu ya mazoezi ifanyike kwenye uwanja kama huo: gunia la sukuma wiki, beseni la maji, rundo la mchanga, kivuli cha mti mmoja. Simon Nicholson, msanii Mwingereza, aliandika mwaka 1971 kwamba ubunifu hukua pale penye vitu vingi vinavyoweza kuhamishwa na kuunganishwa, na vifuniko vya chupa, vijiti na matairi kuukuu havikosekani Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Ugumu uko kwenye idadi. Mwalimu mmoja mwenye watoto 40 hawezi kuwatoa wote kwa pamoja; huwatoa kwa zamu, na lazima awe na msaidizi.

Chekechea za umma ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mwalimu huingia kazini na cheti au diploma ya kawaida ya elimu ya awali. Mafunzo haya huongezwa juu yake. Kwa anayetafuta kozi, aulize ni saa ngapi atatazamwa akiwa nje na watoto, na nani atakayemtazama. Aulize kama huduma ya kwanza imo. Aulize pia Julai wanajifunzia wapi, maana baridi ya Nairobi ndiyo kisingizio cha kwanza cha kufunga mlango, ilhali mafua huletwa na virusi, navyo husambaa upesi zaidi katika chumba kilichojaa watoto na madirisha yakafungwa. Sweta, gambuti na soksi za akiba hutosha.