Mashine haikumuona yule kijana wa Kongo

Nimelivumilia hili tangu 2017. Nimelisikia kijiweni kwenye kahawa, nimelisikia banda umiza, nimelisikia hadi msibani. Jumamosi iliyopita kanipa fundi seremala anayenitengenezea kitanda: "Dokta, si ndiyo hiyo MRI yenu ilimkuta yule kijana wa Kongo ana miaka ishirini na mbili, Serengeti Boys wakaenda Gabon?"

Kwanza mimi si daktari, ni mpiga picha wa radiolojia. Pili kitanda bado kiko kwake, kwa hiyo nilimjibu kwa adabu. Hapa hakuna kitanda cha kulinda.

MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, haikumkuta na miaka ishirini na mbili. Haikumkuta na miaka yoyote, kwa sababu haikumuona. Mwishoni mwa 2016 sisi, yaani Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, tuliwafunga Kongo Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, tukaenda kwao tukafungwa 1-0, jumla ikawa 3-3, wakapita kwa mabao ya ugenini. TFF, shirikisho letu la soka, ikakata rufaa kuhusu umri wa mshambuliaji wao, ndiye huyo kijana. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikataka apelekwe Libreville, mji mkuu wa Gabon, kupimwa. Hakutokea. Kongo wakaondolewa, sisi tukaingia fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, kule Gabon. Hakuna picha iliyopigwa, hakuna daraja lililoandikwa. Kesi ambayo nchi nzima huitaja kama ushahidi kwamba mashine inasoma umri ni kesi ambayo sumaku haikuwahi kugusa mkono wa mtuhumiwa. Kutotokea kunatia shaka, sawa, na kanuni ina haki ya kukuadhibu. Lakini hiyo ni kanuni. Si radiolojia.

Sasa hiyo mashine inaona nini? Tunalaza kifundo cha mkono, kwa kawaida wa kushoto, tunapiga picha ya aina iitwayo T1 kwa korona (hapana, si ule ugonjwa, ni namna ya kukata picha), halafu tunaangalia mfupa mmoja tu, rediasi, pale unapokaribia kiganja upande wa dole gumba. Mtoto anayekua ana utepe wa gegedu, yaani mfupa mlaini, hapo. Akikomaa utepe unaliwa na mfupa, hadi siku moja unapotea. Msomaji wa picha anatoa daraja, 1 hadi 6. Sita maana yake utepe umefunga wote, na kijana wa sita hachezi. Tano maana yake kimebaki kipande kisichofika milimita 5 kwenye mkato wowote. Wa tano anacheza.

Umeona neno "miaka" hapo? Halipo.

Jibu la mashine ni "umefunga" au "haujafunga". Mtu anageuza jibu hilo kuwa umri kwa hesabu ya uwezekano. Utafiti uliozaa kipimo hiki uliangalia vijana 496 wa kiume wa miaka 14 hadi 19, ukaona kwamba kwa wale wa miaka 16 mfupa uliofunga kabisa ni chini ya asilimia 1. FIFA ikaona hicho ni kizingiti cha haki, ikaanza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria. Lakini geuza sentensi upande wa pili: wa miaka 18 na hata 19 ambao hawajafunga ni wengi tu. Hao wanapita. Wanapita kihalali kabisa, wanacheka mlangoni. Kwa hiyo mtu akiniambia "amepimwa MRI, ana 16", ananiambia kwamba hana daraja la sita. Basi. Anaweza kuwa na 15, anaweza kuwa na mtoto nyumbani.

Nisieleweke kwamba kipimo hakina kazi. Nigeria walipoona kinakuja 2009 waliwaacha vijana 15 kabla ya mashindano, na waliobaki wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Uswisi. Kamerun, Januari 2023, walipima 30, wakawatoa 21. Chujio lenye matundu makubwa bado linakamata mawe.

Kuna jambo jingine nalipita haraka maana hata waandishi hulikosea: "chini ya 17" haimaanishi hujafika 17. Inategemea tarehe ya kukata. Kwa Gabon 2017 ilitakiwa uwe umezaliwa 1 Januari 2000 au baadaye. Aliyezaliwa wiki ya kwanza ya Januari alikuwa na miaka 17 na miezi minne wakati wa mashindano, na si kijeba, yaani mtu mzima aliyejipunguzia umri. Zanzibar waliujua uzito wa tarehe kwenye CECAFA, mashindano ya vijana ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi 2018: walirudishwa nyumbani kwa sababu ya wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe iliyowekwa. Pasipoti ndiyo iliyowaumbua. Tanzania Bara ndio wakalichukua kombe lile, 2-0 dhidi ya Somalia.

Na karatasi ndiyo ninayotaka kuizungumzia kuliko mashine. Sisi wenyewe mwaka 2005 tulifuzu fainali za Gambia, tukaondolewa kwa kutumia mchezaji aliyezidi umri, Zimbabwe wakachukua nafasi yetu. Hakukuwa na sumaku wakati huo. Mwaka 2019 Guinea walifika fainali ya vijana wa Afrika hapa hapa Dar es Salaam, wakafungwa na Kamerun kwa penalti, kisha wakaondolewa na nafasi yao ya Kombe la Dunia ikapewa Senegal. Walinaswaje? Wachezaji wao wawili walikuwa wamecheza mashindano Japani miaka miwili nyuma wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Karani mmoja mwenye subira na karatasi mbili mezani anashinda mashine ya mabilioni. Ila hakuna anayehadithia karani banda umiza.

Hapo ndipo linapokuja lile linaloniudhi zaidi. Kwa kuwa watu wanaamini mashine inasoma umri, kila tukifungwa wanauliza mashine ilikuwa wapi. 2019 tulikuwa wenyeji. Mechi ya kwanza tulipachika mabao manne dhidi ya Nigeria, tukafungwa 5-4. Uganda wakatupiga 3-0. Angola 4-2. Mechi tatu, alama sifuri, mabao 12 kwenye nyavu zetu. "Vijeba hao!" Morocco 2025, kundi moja na wenyeji, Zambia na Uganda, tukatoka bila alama tena. "Vijeba hao!" Uganda wa kundi lile lile wakaenda zao Kombe la Dunia Qatar. Kama unadhani jirani yako wa Kampala anakushinda mara mbili, 3-0 na 3-0, kwa sababu ya gegedu la mkono tu, njoo ukae kwenye chumba changu nikuonyeshe mikono ya daraja la tatu yenye misuli kuliko ya kwangu. Aliyekomaa mwili mapema si lazima awe amedanganya.

Tena rekodi yenyewe tunaisoma vibaya. Serengeti Boys wa 2017 na wa 2019 na wa 2025 si timu moja iliyopanda na kushuka. Ni watoto tofauti kabisa. Wale wa Gabon walitoka 0-0 na Mali, ambao walikuwa mabingwa watetezi na wakalibeba tena kombe. Wakamfunga Angola 2-1. Siku ya mwisho sare tu ingetosha kutupeleka nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia India. Niger 1, Tanzania 0. Tukalingana alama nne nne, wao wakapita kwa kutufunga. Hiyo ndiyo siku ya kuililia, na hakuna aliyesema vijeba siku ile, maana tulikuwa tumeingia kwa rufaa, aibu ilitubana.

Halafu anayesema "vijana wetu chini ya 17 hawajawahi kufika Kombe la Dunia" huwa namuuliza: wa kike wamekufa? India tulifika, 2022, Serengeti Girls, chini ya Bakari Shime, kocha yule yule aliyekuwa na Serengeti Boys kule Gabon. Waliwatoa Kamerun kwa kuwafunga 4-1 kwao na 1-0 Zanzibar. Japani wakatupiga 4-0, tukawafunga Ufaransa 2-1, tukatoka 1-1 na Kanada, robo fainali Kolombia 3-0. Na kipimo cha kifundo huwezi kukihamisha kwao hivi hivi: mifupa ya wasichana hufunga mapema, kizingiti cha wavulana kingewatoa wengi wasio na kosa.

Sasa ya kwangu, ambayo huwa sisemi kijiweni. Wale vijana 496 walitoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja. Tunajua mtoto aliyekula kwa shida huchelewa kukomaa mifupa, kwa hiyo kipimo kinaweza kuwa laini zaidi kwetu kuliko kinavyodhaniwa. Na kati ya tano na sita, mimi na mwenzangu tumewahi kuitazama picha ile ile, yeye akaona kistari, mimi nikaona kovu la kistari. Tulirudia kuitazama baada ya chai. Tukabadilishana maoni: mimi nikaona kistari, yeye kovu. Hapo hapakuwa na mechi, alikuwa mgonjwa tu aliyeanguka na baiskeli. Sijui ningelala vipi kama ingekuwa tiketi ya Gabon.

Ndiyo maana yule kijana wa Kongo simuiti kijeba. Kama angepanda ndege, akalala kwenye mashine, msomaji wa Libreville akaona kistari cha milimita tatu na kuandika tano, rufaa ingekufa siku hiyo hiyo. Kongo wangeenda Gabon, na ile 0-0 na Mali tunayojivunia isingekuwepo.