Hakuna "mtu wa mwisho" kwenye Sheria ya 12

Jumapili imetoka tena redioni: "Refa kawabeba hawa. Yule beki alikuwa mtu wa mwisho, ile ni nyekundu, haina mjadala." Vijiweni na kwenye vibanda umiza nilishaizoea, kule watu wamelipa kiingilio chao na wana haki ya kupiga kelele. Lakini mtu anayelipwa kuchambua naye? Basi leo tuimalize, au angalau tujaribu.

Fungua Sheria ya 12 ya mpira wa miguu, ile ya faulo na kadi, uisome yote, kuanzia faulo mpaka orodha ya makosa ya kutolewa nje. Hutamkuta mtu wa mwisho, wala beki wa mwisho. Utakuta kosa la kumnyima mpinzani goli au nafasi ya wazi ya kufunga. Kinachopimwa ni nafasi. Refa anajiuliza: isingekuwa faulo hii, huyu jamaa alikuwa anaelekea kufanya nini? Nani alikuwa nyuma ya nani ni sehemu ya jibu, na mara nyingine ni sehemu ndogo sana.

Asiyeamini amfikirie kipa. Kipa karibu kila siku ndiye wa mwisho, ndiyo kazi yake. Akitoka mpaka ukingoni, bado ndani ya boksi, akamkwatua winga ambaye mpira wake unakimbilia kibendera cha kona, huku mabeki wawili wamesharudi golini, hapo ni penalti, na kadi huenda isitoke kabisa. Kanuni ya mtu wa mwisho ingekuwepo, makipa wangekuwa wanaisha kabla ya mapumziko.

Refa anaangalia mambo manne: umbali mpaka golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki, wangapi na wako wapi. Yanaangaliwa yote kwa pamoja. Likikosekana moja kabisa, nyekundu ya aina hii imekwisha.

Kwenye umbali watu hutaka wapewe mita. Hazipo. Fainali ya Super Cup ya Hispania ya Januari 2020 kule Jeddah, dakika ya 115, Álvaro Morata wa Atlético alichomoka akabaki yeye na kipa, na Federico Valverde wa Real Madrid akamlaza kwa nyuma nje ya boksi. Nyekundu, na hakuna aliyebisha, hata Valverde mwenyewe. Goli lilikuwa bado mbali kidogo, ila katikati hapo hapakuwa na kitu. (Real walishinda kwa penalti na Valverde akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Sheria inatoa kadi. Haiahidi kwamba kosa halitalipa.) Sasa linganisha na Wembley, Julai 2021, fainali ya Euro. Bukayo Saka wa England anampita Giorgio Chiellini wa Italia, mzee anamkamata ukosi wa jezi na kumvuta kama mbuzi anayekataa kuingia zizini. Refa Björn Kuipers akatoa njano, na dunia nzima ikataka nyekundu. Lakini ilikuwa karibu na mstari wa pembeni, goli liko huko, Waitaliano wengine wana muda wa kuziba. Ubaya wa kuvuta jezi ni jambo moja, uwazi wa nafasi ni jambo jingine. Njano ile ilikuwa sahihi, na ningeitoa nikiwa nimelala.

Mwelekeo nao unasomwa vibaya. Mshambuliaji anayemzunguka kipa hukimbia mshazari, kwa sekunde moja hata hatazami goli. Mabeki hudai kwamba alikuwa anatoka nje. Tangu 2017 maandishi yanazungumzia mwendo wake kwa ujumla, kwa hiyo hatua mbili za pembeni za kumkwepa kipa hazimwokoi aliyemkwatua. Hatua nne zinazompeleka kwenye kona, huku pembe ya kupigia ikizidi kufa, hizo zinamwokoa.

La tatu, umiliki wa mpira, ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo hubadilisha kadi mara nyingi zaidi. Mshambuliaji kabaki peke yake, katikati, mita ishirini, hakuna beki. Kila mtu kasimama. Lakini mguso wake wa mwisho ulikuwa mrefu, mpira unaserereka kuelekea mikononi mwa kipa, na hata asingeguswa asingeufikia. Nafasi ya wazi iko wapi? Hapa kiwanja kinahesabu. Kwenye nyasi zilizomwagiwa maji mpira unateleza. Kwenye kiwanja kigumu chenye vipara unadunda juu ya goti. Pasi ile ile, nguvu ile ile, hapa ataupata na kule hataupata. Refa anayetazama miguu tu hawezi kujua hilo, kwa sababu wakati miguu inagongana mpira ulishaondoka kwenye picha yake.

Ndiyo maana kazi inaanza kabla ya faulo. Pasi mpenyezo inapopigwa, hesabu mabeki hapo hapo, na umwone aliye karibu kuziba: yuko sambamba au nyuma? Anakimbia kwa kasi au anatembea? Sogea upande uone mwanya kati ya wachezaji wawili, maana ukiwa mgongoni mwao utaona migongo. Faulo ikitokea, piga filimbi, usiguse mfuko. Sekunde tatu au nne zinatosha kuirudisha picha: mpira ulikuwa wapi, unakwenda wapi, nani angefika. Mtazame msaidizi. Kwenye mechi za mkoa, ambako hakuna runinga ya marudio ya kukimbilia, mshika kibendera ndiye jicho la pili pekee ulilonalo. Ukitoa kadi ya njano kwa haraka halafu ukaigeuza nyekundu, hata ukiwa umepatia, mechi hiyo umeshaipoteza.

Na mabeki hawahesabiwi kama mbuzi sokoni. Beki aliye mita tatu pembeni, sambamba, anayemzidi mshambuliaji mbio, ana uzito kuliko watatu walioachwa nyuma. Ndiyo sababu mtu anaweza kula nyekundu bila kuwa wa mwisho, kwa kuwa mwenzake aliyebaki mbele yake yuko upande wa pili wa uwanja na hafiki. Na anaweza kuwa wa mwisho kabisa akapewa njano, kwa sababu kulikuwa na shambulizi lenye matumaini tu, si nafasi ya wazi.

Imani hii ina chanzo chake. Zamani kosa hili lilikuwa na bei rahisi: fainali ya Kombe la FA ya 1980, Willie Young wa Arsenal alimkwatua Paul Allen wa West Ham aliyekuwa anakwenda kumwona kipa, akapewa njano, mechi ikaendelea. Mwaka 1990 FIFA iliwaagiza waamuzi watoe nyekundu. Watangazaji wakahitaji jina fupi, wakapata "mtu wa mwisho", na jina limeishi kuliko maelezo yake.

Sasa tuingie ndani ya boksi, ambako ndiko nakosa usingizi.

Mpaka 2016, faulo ya aina hii ndani ya boksi ilileta adhabu tatu kwa mpigo: penalti, nyekundu, na kukosa mechi inayofuata. Wengi waliona ni kumuua nyoka aliyekwisha kufa, kwa sababu penalti imeshairudisha nafasi. IFAB, chombo kinachoandika sheria za mpira, ikabadilisha: kama beki alikuwa anajaribu kuucheza mpira, ni penalti na njano. Toleo la 2023 likaongeza anayeugombea mpira. Lakini kama alishika, alivuta au alisukuma, au hakuwa na uwezekano wowote wa kuucheza mpira, nyekundu inabaki. Nje ya boksi nafuu hiyo haipo kabisa. Njia rahisi ya kukumbuka: ukijaribu kuucheza mpira ndani ya boksi, kadi inashuka ngazi moja. Nyekundu inakuwa njano, na njano ya kuvunja shambulizi lenye matumaini inakuwa hakuna kadi. Ukiingia kizembe njano yako iko palepale, na ukiingia kwa nguvu ya kuvunja mguu nyekundu iko palepale. Hizo ni hesabu nyingine.

Mstari wa boksi uko mita 16.5 kutoka mstari wa goli na ni mali ya boksi. Kwa hiyo mguu ule ule, uliotolewa kwa nia ile ile, kwenye mita 17 ni nyekundu na kwenye mita 16 ni njano. Beki mwenye hesabu anajua asubiri hatua moja. Sijui kama IFAB walilipenda hili, ila ndilo waliloliandika.

Linaloniuma zaidi ni hili. Usiku wa tarehe 2 Februari 2021, Wolves na Arsenal. Willian José wa Wolves kachomoka, David Luiz wa Arsenal anamfukuza kwa nyuma, miguu yao inagusana wakiwa mbioni, José anaanguka ndani ya boksi. Luiz hakurusha mguu. Hakuvuta. Ni ajali ya watu wawili wanaokimbia njia moja. Refa Craig Pawson akatoa penalti na nyekundu, watu wakamtukana, na kwa maandishi alikuwa sahihi: mtu ambaye hakurusha mguu hakujaribu kuucheza mpira, na asiyejaribu hapati punguzo. Angejirusha chini akiutafuta mpira akaukosa, ingekuwa njano. Yaani aliyejitupa anasamehewa, na aliyegusa kwa bahati mbaya anatoka nje. Nimejaribu kulieleza hili kama busara ya sheria na nimeshindwa. Ni tundu. Linatumika kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa.

Usiku huo huo, Manchester United ikiifunga Southampton 9-0, Jan Bednarek wa Southampton naye alitolewa kwa kosa la aina hiyo dhidi ya Anthony Martial, baada ya refa Mike Dean kwenda kutazama runinga na kubaki na uamuzi wake. Klabu zote mbili zilikata rufaa. Ya Bednarek ilikubaliwa na kadi ikafutwa, ya Luiz ikakataliwa. Mashabiki waliona upendeleo. Mimi naona swali linalorukwa kila siku kwenye ubishi: je, kulikuwa na faulo kwanza? Bila faulo, yale mambo manne hayana kazi, hata kama mshambuliaji alikuwa mita tano na goli tupu. Pale Wolves mgusano ulimwangusha mtu aliyekuwa anakimbilia kufunga. Pale Old Trafford, kwa United, hata mgusano wenyewe ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Na kwa wale waliobaki na mechi ya Wolves mpaka mwisho: Bernd Leno, kipa wa Arsenal, naye alilimwa nyekundu kipindi cha pili, alitoka nje ya boksi akaucheza mpira kwa mkono. Nje ya boksi kipa ni mchezaji kama wengine.

Mkono una mlango wake. Luis Suárez wa Uruguay dhidi ya Ghana, Kombe la Dunia, Julai 2010, mpira unaelekea kuvuka mstari na yeye anaupangua kama kipa: nyekundu na penalti, leo kama jana, kwa sababu ni makusudi. Asamoah Gyan akagonga mwamba, na tumeumia wote. Ila tangu msimu wa 2024/25, mkono usio wa makusudi uliozaa penalti umeshushwa kuwa njano. Wanaodai kwamba Suárez angenufaika na badiliko hilo hawajalisoma.

Jens Lehmann, kipa wa Arsenal kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa 2006, huwa naulizwa. Alimkwatua Samuel Eto'o wa Barcelona nje ya boksi dakika ya 18, mpira ukamfikia Ludovic Giuly akafunga, lakini refa Terje Hauge alishapuliza. Nyekundu, hakuna goli. Kadi haikuwa kosa. Filimbi ilikuwa ya haraka. Angeacha mpira uendelee, Barcelona wangepata goli lao na Lehmann angebaki uwanjani, kwa kuwa nafasi isingekuwa imenyimwa. Subira ya sekunde moja, mechi mbili tofauti.

Kuotea pia, kwa haraka: kama mshambuliaji alikuwa ameotea, hapakuwa na nafasi ya kunyimwa, na nyekundu ya aina hii inafutika. Beki aliyeingia kuvunja mguu haokolewi na kibendera.

Halafu kuna picha moja ambayo kila semina ya waamuzi inatugawa. Mshambuliaji ameshapiga shuti, mpira umetoka mguuni, na ndipo kipa anafika na kumvaa. Shuti linapita nje sentimita chache. Nafasi aliipata akaitumia, wanasema nusu ya chumba. Faulo ilimfanya apige vibaya, inasema nusu nyingine. Maandishi hayakuimaliza hii, na neno "wazi" limeachwa mikononi mwa refa. Waamuzi wawili wazuri wanaweza kuitazama runinga moja wakatoka na kadi tofauti. Mimi naangalia mguso ulianza lini. Kama kipa alimgusa kabla mguu haujafika kwenye mpira, naihesabu nafasi kuwa imenyimwa. Kama ni baada, natoa penalti kwa kumvaa na kadi kulingana na alivyoingia, isipokuwa mpira umepanguliwa au umegonga mwamba na unarudi pale pale alipolala mpigaji. Hapo nahesabu mabeki upya.